Novemba ya kwanza ya mwalimu mpya

Muulize mkuu wa shule yeyote ni lini mwalimu wa ajira mpya anahitaji mtu wa kumshika mkono, atakuambia wiki ya kwanza. Aonyeshwe madarasa, apewe vipindi, atafutiwe chumba mtaani, basi, mengine atajifunza mbele ya safari. Nimekabidhiwa walimu wapya niwalee kazini kwa miaka kadhaa sasa, katika sekondari ya kata huku mkoani Tabora, na sikubaliani na hesabu hiyo. Wiki ya kwanza kijana ana hamu. Akiharibu kipindi leo, kesho kuna kingine. Anayehitaji mtu ni huyo huyo kuanzia Oktoba mwishoni mpaka siku shule inapofungwa Desemba. Hapo ndipo nimeona walimu wazuri wakikata tamaa, na wengine wakiandika barua ya kuomba uhamisho hata miezi yao 12 ya majaribio haijaisha.

Kwa asiyeijua ratiba yetu: miezi hiyo kila kitu huja kwa pamoja. Kidato cha pili wana upimaji wa kitaifa, kidato cha nne wana mtihani wa kumaliza, na kidato cha kwanza na cha tatu wanasubiri mtihani wa mwaka ambao walimu wenyewe ndio wanautunga, wanausimamia, wanausahihisha na kuujazia matokeo. Mvua zinaanza. Wenye mashamba wanalima, na walimu nao wana mashamba. Hela imeisha. Kila anayekaa kwenye ofisi ya walimu ana hasira na hataki kuulizwa swali.

Mwaka jana nilikabidhiwa watatu walioripoti katikati ya mwaka. Binti wa Baiolojia na Kemia kutoka Kilimanjaro, kijana wa Hisabati kutoka Mbeya, na kijana mwingine wa Historia na Kiswahili kutoka Mwanza. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwao zaidi, ingawa waliotangulia nao wamo. Nayaandika kwa walimu wenzangu mtakaopewa vijana mwaka huu, na kwa vijana wenyewe, ambao najua mnasoma kwa simu mkiwa kitandani na karatasi za wanafunzi ziko sakafuni.

Oktoba, tatizo la kwanza ni mada zilizobaki. Kijana wa Historia alikuwa amebakiza sehemu kubwa ya kidato cha pili, na si kosa lake, darasa lilikaa bila mwalimu wa somo hilo kwa muda mrefu kabla hajafika. Akaamua kuzimaliza zote. Kila kipindi aliingia, akaandika nukuu ubaoni kona hadi kona, akafuta, akaandika tena. Wanafunzi walinakili mpaka vidole vikauma. Nilipopitia daftari la mmoja wao nikakuta kurasa na kurasa zenye mwandiko mzuri, na mwenye daftari hakuweza kuniambia hata sentensi moja ya kilichomo.

Tulikaa naye Jumamosi asubuhi na vitu vitatu mezani: muhtasari wa somo, fomati ya mtihani, na karatasi za upimaji za miaka iliyopita. Fomati na mitihani ya nyuma vinapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, na bado kila mwaka nakutana na mwalimu ambaye hajawahi kuvifungua. Tuliangalia mada ipi inaulizwa kwa uzito gani, ipi inabeba nyingine, ipi inaweza kusomwa na mwanafunzi mwenyewe kwenye kitabu akiongozwa kwa maswali. Zilizobaki zikagawanyika: za kufundishwa kwa kina, za kupitia kwa maswali na majibu, na mbili ambazo tulikubaliana ataziacha na kuandika wazi kwenye azimio la kazi, ule mpango wa mwaka wa kufundisha somo, kwamba hazikufundishwa. Hilo la mwisho lilimtisha. Aliona kama anajiandikia barua ya kujishtaki. Nikamwambia mwalimu atakayelipokea darasa mwakani anahitaji kujua ukweli, na mkaguzi akija atakutana na azimio la kweli, jambo ambalo halioni kila siku.

Huku kwetu Oktoba na Novemba ni miezi ya vitalu vya tumbaku. Mche unamwagiliwa asubuhi na jioni, na wa kumwagilia ni mtoto. Baadaye mvua zikikolea inakuwa kuhamishia miche shambani, na wavulana wa kidato cha tatu wanapotea darasani siku hadi siku. Mwalimu mpya aliyelelewa mjini huchukulia kama dharau. Kijana wa Hisabati aliingia darasani akakuta nusu ya viti vitupu, akatoka kaja ofisini kasema hafundishi darasa la namna hiyo. Ilibidi nimtembeze. Tulienda hadi kwa mzazi mmoja, tukakaa kwenye kigoda, akatuonyesha vitalu na kutueleza deni la pembejeo analodaiwa kwenye chama cha msingi cha ushirika. Hatukumaliza utoro siku ile. Lakini kijana aliporudi alipanga upya juma lake: siku anazojua wengi wanakuja akaweka hesabu mpya, siku za upungufu akaweka mazoezi na marudio. Na mahudhurio akawa anayaandika kwa wino kila kipindi. Hilo nasisitiza kwa vijana wote, kwa sababu mwezi unaofuata mzazi huyo huyo atakuja kuuliza kwa nini mwanawe kafeli, na kitakachokusemea ni daftari la mahudhurio.

Kisha zikafika siku za mitihani ya taifa. Shule inanyamaza, kengele haigongwi ovyo, kidato cha kwanza wanahamishiwa vyumba vya mwisho au chini ya miembe, na walimu wageni wanakuja kusimamia huku baadhi ya walimu wetu wakienda kusimamia kwingine. Kwa mwalimu mpya ni kipindi cha ajabu. Hana kazi na hapo hapo ana kazi nyingi kuliko wakati wowote. Wengi hukaa kwenye kivuli wakipiga soga, kumbe ndizo siku za kutunga mtihani wa mwaka na kuandaa mwongozo wa usahihishaji. Mimi huwatoa kivulini.

Kuna jambo jingine la siku hizo ambalo huwa nalisema mapema, kwa sauti ya chini, kabla halijatokea. Mwalimu mpya huwa anafuatwa. Anaweza kufuatwa na mzazi, na mwanafunzi wa zamani, hata na mwalimu mwenzake: kuna karatasi ya mtihani inazunguka kwenye simu, hebu ifanye tu, hebu wasaidie watoto. Nyingi ni feki za watu wanaotafuta hela. Hata ingekuwa ya kweli, ushauri wangu ni huo huo: usiifungue, usiisambaze, usiulize bei, na mwambie mkuu wa shule siku hiyo hiyo kwamba umetumiwa. Ukikaa nayo kwenye simu, umekwisha. Matokeo ya watoto yanafutwa, na wewe uliye kwenye majaribio huna hata pa kuegemea. Vijana hucheka ninapowaambia, wakidhani nawaona watoto. Mwaka jana mmoja wao alinijia jioni na simu mkononi, uso umebadilika, akasema, “Madam, ile uliyosema.” Tukaenda kwa mkuu wote wawili.

Kutunga mtihani. Binti wa Baiolojia aliniletea mtihani wa kidato cha kwanza ulionyooka, umechapwa vizuri, na michoro. Nikamuuliza ameutoa wapi. Akasema kaupakua, ni wa shule fulani ya bweni, kabadilisha kichwa tu. Sikumgombeza, maana nusu ya ofisi hufanya hivyo. Nilimwomba kitu kimoja: akae, aweke saa, aufanye mwenyewe kama mwanafunzi, aandike majibu yote kwa mkono. Alirudi baada ya muda mrefu kweli kweli. Swali la saba lilitoka kwenye mada ambayo hajaifundisha. Swali la tisa lilikuwa na majibu mawili yaliyo sahihi. Na yeye, mwenye shahada, alimaliza dakika chache kabla ya muda kwisha. Akautunga upya. Tangu hapo sikubali mtihani wa kijana yeyote uende kuchapwa kabla hajaufanya, na majibu yake ya mkono ndiyo yanayogeuka kuwa mwongozo wa usahihishaji, kwa hiyo hapotezi muda wowote.

Kusahihisha ndiko kuna mateso. Mikondo mitatu au minne yenye wanafunzi 60 na zaidi kila mmoja, kwa masomo mawili, fanya hesabu mwenyewe. Kijana anabeba furushi nyumbani, anasahihisha kwa taa ya simu, anachoka saa nne, anaanza kutoa alama kwa huruma au kwa hasira. Nilichowafundisha ni kazi ya mikono zaidi kuliko falsafa. Sahihisha swali kwa swali, usisahihishe mtihani mzima wa mtu mmoja: maliza swali la kwanza darasa zima, ndipo uje la pili. Akili inakaa kwenye jibu moja, mkono unakwenda haraka, na huwi mkali kwa wa juu na mpole kwa wa chini. Ukimaliza karatasi kumi za kwanza, simama. Rudia mbili za mwanzo uone kama ungezipa alama ile ile. Sahihishia shuleni mchana, mkiwa wawili au watatu meza moja, hata kama hamfundishi somo moja, maana ukiwa peke yako utalala. Na jumla ya alama ijumlishwe na mwingine, si wewe.

Halafu kuna zile alama za mpakani. Kwetu sekondari 30 ni D na 29 ni F, na mwalimu mpya akiona rundo la 27, 28, 29 moyo unamuuma. Wengine wanabeba kila mtu hadi 30, wengine wanajifanya chuma. Mimi sipendi huruma ya saa tano usiku. Tulikubaliana kabla ya kuanza: karatasi zote zitakazoangukia kati ya 25 na 29 zitasomwa upya na mtu wa pili, na atakachotoa kitabaki hicho. Wachache walipanda, mmoja akashuka. Kijana wa Historia alitaka huyo aliyeshuka arudishiwe alama zake. Tulibishana hadi chai ikapoa. Hakurudishiwa, na mpaka leo sina hakika sana kama tulitenda haki.

Baada ya hapo kinakuja kitu ambacho hakuna chuo kinachokifundisha: kujaza matokeo kwenye kompyuta. Shule yetu ina kompyuta moja inayotegemewa, na mwalimu wa taaluma anataka alama za masomo yote kwa Excel, majina kwa alfabeti. Jioni moja kijana wa Hisabati alikuwa anayapanga majina ya kidato cha tatu. Alichagua safu ya majina peke yake. Kompyuta ikamuuliza kama apanue eneo lote, na yeye, kwa uchovu, akabonyeza aendelee hivyo hivyo. Majina yakahama, alama zikabaki palepale. Akahifadhi, akazima, akaenda kulala.

Aliyeona ni binti wa Baiolojia. Alikuwa anaingiza alama zake pembeni ya zile, akasimama ghafla. Msichana anayeongoza kidato cha tatu alikuwa na 19 ya Hisabati. Na kijana ambaye hajaonekana shuleni tangu Agosti alikuwa na 71.

Tuliponea kwa sababu moja tu. Karatasi zilikuwa bado hazijarudishwa kwa wanafunzi, zimefungwa kwa kamba mkondo kwa mkondo, na orodha ya mkono aliyoiandika wakati wa kujumlisha ilikuwa bado kwenye begi lake. Tulikaa, mmoja anasoma jina na alama kwenye karatasi, mwingine anarekebisha, wa tatu anahakiki kwa rula. Kwa kidato cha tatu si jambo la kufanyia mzaha. Alama zao zinaingia kwenye tathmini endelevu inayotumwa Baraza la Mitihani, zinamfuata mtoto hadi cheti cha kidato cha nne. Tangu siku hiyo nina masharti yangu. Kila mwanafunzi awe na namba, na namba ikae safu ya kwanza. Chagua jedwali zima kabla ya kupanga. Ukimaliza, chukua majina matano unayoyafahamu, uone kama alama zinafanana na watoto. Orodha ya mkono isitupwe mpaka ripoti zimesainiwa. Na watoro waandikwe hawakufanya, wasiachwe wazi, kwa maana nafasi iliyo wazi ndiyo inayokaribisha alama ya mtu mwingine.

Matokeo ya Baiolojia kidato cha kwanza yalipokamilika, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa na F. Binti hakuja chai. Nilimkuta maabara, amekaa kwenye stuli, hata mlango hajaufunga. Akasema, “Shikamoo madam,” nikaitikia, tukakaa kimya. Baadaye akasema, “Mimi sijui kufundisha. Bora nirudi nyumbani nikauze duka la mama.”

Hapa ndipo walezi wengi wanapotoa maneno ya faraja: usijali, hata sisi tulianza hivyo. Faraja ya aina hiyo huwa haidumu hata siku moja. Nilimwomba arudishe furushi la karatasi mezani, tukachora jedwali: maswali juu, wanafunzi pembeni, alama ya vema au mkasi. Ilichukua mchana wote. Likajitokeza jambo. Swali la mchoro, la kutaja sehemu, karibu wote walikuwa wamepata. La kuchagua herufi walikuwa wastani. Maswali mawili ya kueleza, yenye alama nyingi, yalikuwa tupu. Hawakukosea, hawakuandika kabisa. Watoto hawa wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wakaingia sekondari ambako karibu kila kitu ni Kiingereza, na tangu afike binti alikuwa akiwaeleza vizuri tu kwa lugha zote mbili, wakimwitikia kwa mdomo, bila hata siku moja kuwapa nafasi ya kuandika sentensi zao wenyewe. Walielewa. Kuandika ndiko hawakuweza.

Hilo lina dawa, tofauti na “sijui kufundisha”. Akaandika hapo hapo mpango wa Januari: kila Ijumaa swali moja la kueleza, sentensi tatu, zinasahihishwa na zinarudishwa. Alikuja chai kesho yake. Sisemi kwamba alifurahi.

Kijana wa Hisabati hakulia, alikuwa na ganzi. Hisabati ndilo somo linalofelisha zaidi kidato cha nne nchi nzima mwaka baada ya mwaka, na yeye alikuwa amekwisha kuambiwa na wakongwe, “Zoea tu, ndivyo lilivyo.” Naomba niseme kwa uwazi: maneno haya yanaua walimu wapya kuliko idadi ya vipindi. Mtu akizoeshwa kufelisha mwaka wa kwanza, hutamrudisha.

Ripoti. Kwenye nafasi ya maoni vijana wote watatu walikuwa wameandika “ongeza bidii”, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mzazi anafanya nini na maneno hayo? Nikawataka waandike kwa Kiswahili kitu kimoja ambacho mtoto anaweza na kimoja ambacho hawezi. “Anajua kujumlisha sehemu, hajui kugawanya.” “Anasimulia vizuri kwa mdomo, haandiki.” Hawakuweza kwa watoto wote, muda haukutosha, wakafanya kwa wale walioanguka na wale waliopanda sana. Kwenye kikao cha wazazi ilionekana. Mzee mmoja alisimama na ripoti mkononi akitaka kujua mwalimu gani kampa mwanawe F ya Historia. Kijana alikuwa karibu nami, nikamgusa, akasimama, akamwamkia, “Shikamoo mzee,” kisha akamwonyesha mahudhurio na maoni aliyoandika. Mzee akasoma polepole. Akasema, “Kumbe hakuwa anakuja,” akakaa. Ningejibu mimi, kijana angebaki mdogo mbele ya wazazi wote.

Sasa fedha, kwa sababu wenzangu wengi hawaligusi. Desemba mwalimu mpya anataka kurudi kwao mara ya kwanza akiwa mwajiriwa. Nyumbani wanamngoja kama mtu aliyetoka Ulaya. Binti anakwenda Kilimanjaro, na kila mtu anajua mabasi ya Moshi yanavyojaa wiki za Krismasi. Kuna zawadi za mama, ada ya mdogo, michango ya harusi. Hapo ndipo kausha damu wanapoingia. Mkopo wa siku hiyo hiyo, kadi ya benki na namba ya siri zinabaki kwa mkopeshaji, riba ambayo ukiiandika kwenye karatasi hutaamini macho yako. Nimemwona mwalimu akifundisha mwaka mzima akiishi kwa mkopo wa kufidia mkopo wa Desemba ya kwanza.

Kwa hiyo nawakalisha na karatasi kabla mshahara wa Desemba haujaingia. Juu kabisa nauli ya kwenda na ya kurudi, na tiketi ya kurudi inakatwa kabla hujaondoka. Inafuata kodi ya chumba, halafu chakula cha Januari nzima, ambayo kila mtumishi anajua ina siku nyingi kuliko mwezi mwingine wowote. Kinachobaki ndicho cha zawadi. Kijana wa Mbeya alipomaliza hesabu aliamua kutokwenda kabisa mwaka ule, akabaki na kulima mahindi kwenye kipande alichokodi. Mama yake alinipigia simu akilalamika. Nilimsikiliza.

Kabla ya kufunga kuna makabidhiano, na hapa sitanii. Vitabu vihesabiwe na kusainiwa, funguo zirudi, ruhusa ya kusafiri iwe ya maandishi, si ya “nilimwambia mkuu pale nje”. Azimio la kazi la mwakani liandikwe rasimu kabla hujapanda basi, ukiwa bado unakumbuka darasa lilikwama wapi, kwani Januari utakuta kidato cha kwanza wapya wamejaa uani na hutapata hata dakika. Na wasichanganye mwaka wa shule na mwaka wa serikali: shule inafunga Desemba, lakini majukumu kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, yanafuata Julai hadi Juni, kwa hiyo kufunga shule hakufungi kujaza.

Niseme pia gharama ya mlezi, ili asiingie mtu kwa macho yaliyofumba. Hakuna posho. Karatasi zangu za Jiografia nilizisahihisha usiku, maana wakati wa kusaidia vijana ulikuwa mchana, na mume wangu alinikumbusha zaidi ya mara moja kwamba nyumba nayo ina wanafunzi. Ofisini walianza kuwaita “watoto wa madam”, utani wenye miiba. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, inataka walimu tukutane shuleni na kujadili ufundishaji wetu, jambo jema sana, lakini ikifika Novemba vikao hivyo ndivyo vya kwanza kuahirishwa, na mzigo unabaki kwa mtu mmoja mmoja. Jambo lililonisaidia ni makubaliano na mkuu tangu mwanzo: nitakachokisikia kwa vijana hakifiki kwake, isipokuwa kinachohusu usalama wa mwanafunzi au mtihani. Bila hilo wangeniletea tabasamu tu, na kijana asingenifuata na ile simu jioni.

Januari walirudi wawili. Wa Historia alipata nafasi karibu na kwao akahama, kwa haki yake, na aliacha azimio lililoandikwa wazi mada zipi hazikufundishwa. Mwalimu aliyempokea alinijia akiuliza kama ni kweli au kaandika kwa utani.

Mwaka huu tumeambiwa wanakuja wengine. Mkuu ameniuliza nichukue wangapi. Nimemwambia wawili, na kuanzia Oktoba nipunguziwe vipindi vya jioni. Amesema ataangalia ratiba.